Maji yakishavuka kizingiti: maswali na majibu

Kizingiti chetu cha zege mtoni (ukuta mfupi ambao maji hupita juu yake) hakina hata ufa, ila upande wa chini maji yamechimba shimo kubwa. Tulijaze mawe?

Mawe peke yake yatasombwa. Maji yakiporomoka mita 2 hufika chini kwa kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde, na nguvu hiyo lazima iishie mahali. Mkiiachia itakula udongo wa mto, kisha msingi wenu. Jengeni sakafu ya zege iliyo chini kuliko usawa wa mto, ili maji ya kasi yakutane na maji ya kina yaliyotulia, yaumuke ghafla kwa povu na kupoteza nguvu hapohapo. Mawe yaanzie sakafu inapoishia. Lakini pimeni kwanza kina cha maji ya upande wa chini: kikiwa kidogo, povu litahamia nje ya sakafu na shimo litarudi. Mimi huanza kuchora upande huu wa chini, kizingiti chenyewe baadaye.

Chini ya banio letu (ukuta unaoinua maji ya mto yaingie mferejini) vimezuka vichemchemi. Ni hatari?

Kinga maji kwenye glasi, yaache yatulie. Yakiacha mchanga, ujue udongo wa chini ya msingi unahama punje kwa punje. Mwite mhandisi leo. Dawa ni kurefusha njia ya maji ya chini kwa chini. Kwa kanuni ya mhandisi Lane ya 1935, mchanga laini hudai njia iwe mara 7 ya tofauti ya usawa wa maji juu na chini ya banio. Njia ya wima huhesabiwa yote, ya ulalo theluthi tu, kwa hiyo ukuta uliozamishwa mita 4 ardhini (kushuka na kupanda, mita 8) hushinda sakafu ya mita 20.

Mferejini tuweke lango au kizingiti?

Vyote. Kina juu ya kizingiti kikipanda asilimia 10, maji yanayovuka huongezeka karibu asilimia 15. Lango linalopitisha maji kwa chini, 5 tu. Basi kizingiti kirefu kishike usawa wa maji kwenye mfereji mkuu, lango likae kwenye tawi. Mkigeuza, kila mto ukipanda au kushuka mkulima wa tawi ndiye atakayeumia.

Tumesanifu tuta letu kwa mafuriko ya miaka 100. Miaka 50 tuko salama?

Hapana. Uwezekano wa mafuriko hayo kutokea ni asilimia 1 kila mwaka, na ndani ya miaka 50 hufika karibu asilimia 40. Tengenezeni mkondo wa pembeni wa maji ya ziada, yasije yakapita juu ya tuta.