Jibu: Fomu hutangulia, barua ya ubalozi hufuata

Habari ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: uko Marekani kwa viza ya J-1 (ya programu za kubadilishana), unaomba usamehewe sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2, na ubalozi wa nchi yako hautaki kutoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa kuwa huna namba ya jalada. Hawajakosea. Ukijaza mtandaoni DS-3035, fomu ya kuomba msamaha huo, utapewa namba hiyo papo hapo, kisha utaituma fomu kwa posta pamoja na ada ya dola 120. Iandike namba hiyo pia juu ya bahasha, isomeke vizuri. Barua yenyewe ubalozi huipeleka moja kwa moja Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mimi niliisubiri nyumbani kwa wiki nyingi, na sipendi upatwe na hayo.

Kabla ya yote, tazama DS-2019 yako (cheti cha programu yako ya J-1), chini kushoto, uone kama sharti linakuhusu. Ikiwa ulifadhiliwa na serikali ya Marekani, barua ya ubalozi kwa kawaida haitoshi. Na kama unahitaji kuongeza muda wa programu, ongeza sasa, kwani pendekezo la Wizara hiyo la kukusamehe likishatoka hutaongezewa tena.