Barua ya Baraza: usijibu kwa haraka

Pole sana, dada. Barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ikikutaka ujieleze kuhusu dozi iliyozidi inakosesha usingizi. Nami niliwahi kuipokea. Kwanza angalia siku ya mwisho ya kujibu. Matroni anayekuambia “omba radhi yaishe” usimsikilize: radhi hiyo inaweza kusomwa kama kukiri kosa. Na tafadhali, faili la mgonjwa usiliguse, hata kuongeza mstari uliousahau zamu ile. Kosa la dozi linaelezeka. Kumbukumbu iliyochezewa haielezeki. Omba nakala ya malalamiko. Shauri la mwajiri ni jingine; hata likiisha, la Baraza linaweza kuendelea. Leseni inaweza kufutwa, kwa hiyo muone wakili kabla hujaandika lolote. Kama ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, anzia huko.