Rooney hakuficha upara wake

Ndugu, umeuliza kama Wayne Rooney, yule mwanasoka wa Uingereza, alipandikiza nywele kweli au ni maneno ya watu. Ni kweli kabisa. Alisema mwenyewe Twitter mwaka 2011, akiwa na miaka 25, akaweka na picha ya kichwa kikiwa bado na vidonda vibichi. Namheshimu sana kwa hilo. Mizizi ya nywele hutolewa kisogoni, maana nywele za huko hazidhuriwi sana na homoni inayoleta upara, kisha hupandwa mbele. Ukiona zimempukutika mtu wiki chache baadaye usishtuke, huanza kuota tena kwenye miezi 3 au 4. Ila nywele zake za asili huendelea kupungua, ndiyo maana wengi hurudia. Rooney mwenyewe alirudi 2013.