Sufuria ya Maharage na Jua la Pakwach

Mwaka juzi diski yangu ya picha ilijaa. Nikaweka kwenye kompyuta programu ya kutafuta nakala zilizojirudia ili nifute za ziada, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nikakuta imenipangia mafaili mawili mawili: harusi na harusi, pasipoti na pasipoti. Katikati ya orodha kulikuwa na jozi iliyonifanya nimwite mke wangu aje aone. Kushoto, jua lililopatwa pale Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, duara jeusi lenye ukingo wa mwanga, picha niliyoiwahi katika zile sekunde chache za giza. Kulia, sufuria ya maharage juu ya sigiri, nyumbani kwetu Arua wakati wa magharibi, kifuniko kimejaa masizi na makaa yanawaka kuizunguka. Kwa hesabu za programu, hiyo ilikuwa picha moja, na nilikuwa nimebakiza kubofya tu niifute sufuria.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuoanisha picha za vitu tofauti vyenye umbo linalofanana. Wengi wameniuliza jozi hizo nazipataje, basi nieleze.

Programu ya aina ile huifinya picha mpaka ibaki miraba michache, mara nyingi tisa kwa minane, ikaondoa rangi, kisha ikauliza kila mraba: wewe na jirani yako, nani ana mwanga zaidi? Majibu yakilingana, picha zinahesabiwa kuwa sawa. Haijui neno "jua" wala neno "sufuria". Sisi tunayajua, na hapo ndipo tunapokwama. Tukishaliona jua, tunakwenda kutafuta jua lingine, au mwezi, au chungwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulisahau jina la kitu. Mimi hugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, nikaipindua kichwa chini, nikaipunguza hadi ukubwa wa stempu. Kama huna kompyuta, weka simu mezani, rudi nyuma hatua nne, finya macho. Kinachobaki ndicho cha kutafutia mwenzake: duara, mistari inayopinda, punje zilizojipanga. Picha yangu ya Old Taxi Park, kituo cha teksi cha Kampala, niliyoipiga kutoka juu ya jengo, ilikaa miaka bila maana yoyote. Nilipoipindua, zile teksi nyeupe zilizobanana safu kwa safu zikawa muhindi. Nikaenda kwa mama anayechoma mahindi barabarani, nikanunua mmoja mbichi, nikaupiga picha palepale. Alicheka sana, lakini aliniuzia kwa bei ya kawaida.

Ukiwa na programu kama yangu, shusha kiwango cha kufanana. Kikiwa juu sana utaletewa nakala halisi tu, na kikiwa chini mno utaletewa takataka. Mimi hukishusha kidogo kidogo, napitia, nashusha tena. Takataka ni nyingi, siwafichi. Katika jozi mia huenda nikabakiza moja.

Ya kubakiza nitaijuaje? Kwanza nazitupa zenye nyuso. Mlango wenye macho, kiazi chenye pua, mwamba wenye mdomo, hizo ni rahisi mno kwa sababu ubongo wa binadamu una njaa ya nyuso. Mwaka 1976 chombo cha angani cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima cha sayari ya Mars, vivuli vikakaa vibaya, na watu wakaiona sura ya mtu kwa miaka mingi. Picha safi zaidi za mwaka 2001 zikaonyesha kilima tu.

Halafu nazipenda zile ambazo mfanano wake una sababu. Matuta ya vilima vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ukiyatazama kutoka mbali, ni alama ya kidole kabisa. Mkulima huchimba tuta akifuata usawa wa mlima ili mvua isiondoke na udongo, kwa hiyo mistari hukimbia pamoja, hupinda pamoja, wala haikatani. Niliweka kilima kimoja cha karibu na Ziwa Bunyonyi pembeni ya dole gumba la baba yangu, lenye wino wa siku ya kuandikisha. Hapo nilikata kingo za picha zote mbili hadi mstari wa tuta ukaingia ndani ya mstari wa kidole. Usiidharau kazi hiyo ya kukata: mistari ikikosana pale picha zinapokutana, mtazamaji anaona picha mbili tu zilizolazimishwa kukaa kitanda kimoja.

Na kuna moja iliyonigharimu. Kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa ukoo, nilimpiga picha senga, yaani shangazi, wa bibi harusi amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima, mabega yamesimama juu kwa ncha. Nilikuwa na picha ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe zilizopanda vilevile. Umbo lilikaa sawasawa, nikashindwa kujizuia, nikampelekea zawadi ya picha zote mbili ndani ya fremu moja. Senga akapiga simu: "Mwanangu, ng'ombe ni mimi?" Sikulipwa salio, na ile familia sasa ina mpiga picha mwingine. Mimi nilikuwa nimeona mistari, yeye aliona mnyama, na haki ilikuwa yake. Mtu aliye hai, mwenye jina na ukoo, siku hizi simuoanishi na kitu bila kumuuliza.

Zisizo na wenzao naziweka kwenye folda niliyoiita Wajane. Mjane wangu mkongwe ni ile miduara myekundu iliyochorwa mwambani Nyero, kule Kumi mashariki mwa Uganda, mduara ndani ya mduara. Nimejaribu kisiki cha mti, nimejaribu jiwe lililotupwa majini, lakini vyote mtu angevitaja kabla sijamwonyesha. Wiki iliyopita nilikata kitunguu. Nacho hakikufaa, mke wangu akakikaangia mayai.