Maswali ya Lugha: "Palimpsest" ni Mdudu Gani?

Kwenye riwaya ya Kiingereza nimeona mji unaitwa "palimpsest". Kamusi yangu ya shule haina neno hilo. Maana yake nini? (Msomaji, Sinza)

Anza na ngozi. Kabla karatasi haijaenea Ulaya, vitabu viliandikwa kwenye ngozi ya kondoo, mbuzi au ndama, na kitabu kikubwa kiliweza kumaliza zizi. Kitabu kikikosa wasomaji, wino ulikwanguliwa au kuoshwa, ngozi ikaandikwa upya. Lakini wino wa zamani hautoki wote. Ngozi hiyo yenye maandishi mapya juu na mabaki ya kale chini ndiyo palimpsest. Neno ni la Kigiriki: iliyokwanguliwa tena.

Kuna yaliyofutwa yakaja kusomeka? (Msomaji, Kigamboni)

Yapo, tena makubwa. Mwaka 1229 kitabu chenye kazi za Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kilikwanguliwa kiwe cha sala. Kurasa zilizungushwa na kukunjwa katikati, kwa hiyo mistari ya sala inakatiza ile ya hesabu. Mwaka 1906 msomi wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, alikikagua Istanbul akaitambua kazi iliyo chini. Mwaka 1998 kilipigwa mnada New York kwa dola milioni 2. Aliyekikwangua alitaka ngozi tu!

Waandishi hulitumiaje siku hizi? (Msomaji, Mbagala)

Kwa kitu chochote ambacho jipya limefunika la zamani bila kulimaliza. Mwandishi Mwingereza Thomas De Quincey mwaka 1845 aliufananisha ubongo wa mtu na palimpsest: kumbukumbu mpya hulala juu ya za awali, za awali zisife. Baada yake limesemwa kuhusu miji, sheria, hata nyuso za watu, na kwa maoni yangu limechoshwa. Si kila cha kale kinastahili jina hilo. Sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliondolewa Waingereza walipouteka mji wetu wa Dar es Salaam mwaka 1916, na tangu 1927 pale Barabara ya Samora imesimama sanamu ya Askari. Hapo kimeng'olewa kimoja, kikawekwa kingine, Wissmann haonekani. Mimi ningelitumia kwa ukuta wa nyumba ya barabarani uliochorwa X nyekundu ya kubomolewa. Mwenye nyumba anapiga chokaa, mvua za masika zinapita, na mikono ya ile X inaanza kuchungulia, rangi ya waridi, juu ya tangazo la vocha.

Linatamkwaje? (Msomaji, Tabata)

PA-limp-sest. Mkazo mwanzoni.

Binti yangu wa kidato cha sita ameandika kwamba kabati lake la nguo ni palimpsest. Mwalimu kakata. Nani yuko sahihi? (Mama, Ukonga)

Mwalimu, mama. Nguo zimerundikana tu, hakuna iliyofutwa. Angelisema daftari lake la hesabu, lililosuguliwa raba mpaka karatasi ikachubuka na jibu la kwanza bado linaonekana, ningempa alama zote.