Wapelekeni Bujora, Halafu Wapeni Ngoma

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wa wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: mwalimu, watoto tuwapeleke wapi? Wengine wanafikiria kisiwa cha Saanane, wengine ufukweni, na wenye uwezo wanataja Serengeti. Jibu langu huwa ni moja: pandeni daladala ya Kisesa.

Nafundisha hisabati katika shule ya msingi hapa Mwanza. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka watoto Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na kuwaalika wacheza ngoma waje shuleni kwetu. Katika kazi hiyo nimeona mambo yanayofaa na yasiyofaa, na nayaandika hapa kwa ajili ya walimu na wazazi wenzangu, hasa wa Kanda ya Ziwa. Tunaishi jirani na hazina ambayo Mzungu anavuka bahari kuja kuiona, na kuna watu wamezaliwa Igoma au Buhongwa, wamekua, wameoa, hawajakanyaga hapo hata siku moja.

Bujora iko kama kilomita 20 kutoka mjini, njia ya Musoma. Unashuka Kisesa, unapanda kilimani kwa miguu au kwa bodaboda. Aliyeianzisha ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye wenyeji walimwita Fumbuka. Miaka ya 1950, wakati makanisa mengi yaliiona ngoma kuwa mambo ya shetani, yeye pamoja na wazee wa hapo walikuwa wakikusanya nyimbo, ngoma, vifaa vya watemi na vya waganga, tena wakaziingiza ngoma katika ibada. Makumbusho yenyewe yalianzishwa rasmi mwaka 1968. Kanisa lake limejengwa kwa umbo la nyumba ya mviringo, na alama za utemi zimetumika humo kumweleza Kristo. Banda la watemi lina umbo la kiti cha enzi. Kuna boma la Kisukuma, kuna mahali pa mhunzi, kuna nyumba ya mganga, na kuna banda la vyama vya ngoma, ambalo nitalirudia kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Ushauri wangu wa kwanza: msiende kutembezwa, nendeni na swali. Ukiwapeleka watoto arobaini wapite banda hadi banda wakimfuata mwongozaji, wakifika la tatu wamechoka, wanauliza soda ziko wapi. Chagueni jambo moja, na swali lianzie nyumbani. Wiki moja kabla ya safari mimi huwaagiza watoto wakamuulize babu au bibi, au wampigie simu kijijini: ukoo wetu ulikuwa chini ya mtemi gani? Wanarudi na majibu. Mmoja anasema Bukumbi, mwingine Nera, mwingine Ntuzu, na wapo wanaosema sisi si Wasukuma, sisi Wakerewe, sisi Wahaya, nao pia wana la kusimulia. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, kwa hiyo hata wazazi wengi wa watoto hawa hawakuuona. Mtoto akiingia banda la watemi akiwa na jina la utemi wa babu yake mdomoni, hasimami mlangoni. Anatafuta. Na akirudi nyumbani ana habari ya kumpelekea babu. Mazungumzo ya namna hiyo kati ya mjukuu na babu, katika nyumba nyingi za mjini, yamekuwa adimu sana.

Kwa upande wangu wa hisabati, hapo Bujora kuna kitu ambacho kila mwalimu wa somo hili angepaswa kukiona. Zamani, marika mbalimbali ya Wasukuma yalikuwa na namna zao za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na maneno yake, na maneno hayo yalikuwa lugha ya siri: ukihesabu, wenzako wanajua wewe ni wa rika gani. Makumbusho yanaonyesha namna hizo. Watoto wakishazisoma, nawagawa makundi, kila kundi linabuni maneno yake ya moja hadi kumi, kisha linatunga hesabu za kujumlisha na kutoa na kuwapa kundi lingine wazifumbue. Ukelele wake! Lakini ndani ya kelele hizo mtoto anang'amua kwamba idadi ni kitu kimoja na jina lake ni kitu kingine, jambo ambalo ubaoni huwa nalisema na wengi hawalishiki. Vilevile anajua kwamba babu zake walikuwa watu wa kucheza na namba. Hilo nalithamini kuliko alama atakazopata.

Sasa nije kwenye ngoma.

Mkiweza kuchagua siku moja tu ya kwenda, chagueni sikukuu ya Bulabo. Ni Sikukuu ya Ekaristi, huwa Juni, baada ya mavuno, na huambatana na mashindano ya ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba vilitokana na mashindano ya waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na wafuasi wao wanashindana hadi leo. Namna ya kushindana ndiyo inayonivutia. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kimoja upande huu na kingine ule. Watazamaji wako katikati, huru kwenda wanakotaka. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kundi likiona watu wanahama, manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, anabadilisha wimbo, wachezaji wanatoa jembe wanalirusha juu na kulidaka, wengine wanaleta chatu, na umati unarudi mbio. Vumbi linatimka. Mtoto anayetazama anajikuta yeye mwenyewe anahesabika, kwamba akihama kumfuata rafiki yake amempunguzia mtu ushindi.

Nimelitafakari sana jambo hili, na nadhani linaeleza hali ya sanaa zetu zote. Anayeamua kikundi kipi kiishi ni yule anayesimama kukitazama. Tukilalamika kwamba ngoma zinakufa huku hatujawahi kusimama upande wowote wa uwanja, tumeshaamua.

Ndiyo maana nasema kutazama peke yake hakutoshi. Mtoto apewe ngoma aipige. Bugobogobo ilikuwa ngoma ya kulima: wapigaji wanasimama shambani, walimaji wanafuata mapigo, na eneo ambalo mtu mmoja angelilima kwa uvivu linaisha bila watu kuhisi uchovu. Hata wanafunzi wa sanaa kule Bagamoyo wanajifunza bugobogobo. Inasikitisha ikiwa kijana wa Mbeya anaijua kwa sababu alisoma chuo, na kijana wa Nyakato hapa Mwanza haijui kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Kwa wadogo wa darasa la kwanza na la pili mimi huanza na wigashe, ngoma ya kuimba watu wameketi. Haihitaji majembe wala nguvu, na mtoto mwenye haya anaweza kuitikia bila kusimama mbele ya watu.

Mara ya kwanza manju alipokuja shuleni kwetu, tuliwaalika wazazi bila kutarajia wengi. Walikuja, na walikuja na mama zao. Katikati ya wimbo, bibi mmoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona kwenye kikao chochote cha shule aliinuka, akamwambia manju maneno ya ubeti ule sivyo yanavyokwenda kwao. Manju alinyamaza, akamsikiliza, akamwomba auimbe. Bibi akaimba. Watoto wakajifunza namna zote mbili. Tangu siku hiyo bibi yule ni mwalimu wetu, anakuja mwenyewe, na watoto wakimwona njiani wanainama na kumwambia mwangaluka. Nikiulizwa sanaa inaisaidia nini jamii, kabla sijafikiria watalii na fedha, namfikiria mama huyo mzee aliyekuwa akikaa nyumbani siku nzima na sasa ana kazi inayomsubiri.

Lakini fedha nazo tuziseme wazi, maana hapa tunakosea sana kama jamii. Manju na wachezaji wake ni mafundi. Fundi seremala ukimwita mnapatana bei kabla hajashika randa. Manju anaitwa, anachezeshwa jua zima, anapewa soda na shukrani. Nimeshuhudia ofisi moja ikiita kikundi kije kumpokea mgeni. Wachezaji walifika asubuhi, mgeni akaja alasiri, wakacheza dakika chache, na nauli ya kurudi wakachangishana wenyewe. Mkialika kikundi, patanani mapema: malipo, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, maji, kivuli, na mahali pa kubadilishia mavazi. Sisi shuleni tunachangishana kidogo kidogo, na kama hela haitoshi tunamwita manju peke yake na wapigaji wawili badala ya kikundi kizima. Kuwapunja kundi zima eti kwa sababu wanapenda wanachofanya, hapana.

Wapo wazazi watakaokataa. Watakuambia ngoma za Bagika na Bagalu zina dawa, na mtoto wao ameokoka. Usiwadharau, wala usiwafiche. Ni kweli kwamba vyama hivi vilianzishwa na waganga, na kwamba samba, dawa ya mvuto, ni sehemu ya historia yake. Hapo Bujora mambo hayo yanaelezwa bila kificho. Mimi huwaalika wazazi hao waje wenyewe na watoto wao. Huwaambia makumbusho yako chini ya Kanisa Katoliki, kwamba tutajifunza mapigo, nyimbo na kazi, na kwamba mtoto ambaye mzazi wake hataki aingie nyumba ya mganga ataingia kwa mhunzi. Wengi hukubali. Wachache hawakubali, na mtoto wao hubaki bila kuchekwa. Chatu, kwa watoto wadogo, ninamkwepa mwenyewe.

Kuhusu kurekodi kwa simu: rekodini, ila ombeni ruhusa kwanza. Andikeni jina la manju, kijiji chake, tarehe na jina la wimbo siku hiyo hiyo, kwa sababu video isiyo na jina baada ya miaka mitano haina mwenyewe. Mpelekeni nakala. Kabla ya kuirusha mtandaoni muulizeni tena, maana kukubali kurekodiwa kwa ajili ya shule na kukubali kuonekana na nchi nzima ni mambo mawili. Kikundi kinachotunga nyimbo zake kielekezwe kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye ndiye anayejua taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na za COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Watu wengi hawajui kwamba halmashauri yao ina afisa huyo. Nendeni mkamsalimie. Nimekuta wengine wana hamu kubwa ya kazi na hawana mtu anayewabishia hodi. Shule zinazojiandaa kwa fani za ndani za UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, zianze kwake mapema, zisingoje wiki ya mwisho kukodi mavazi.

Kama hauko Kanda ya Ziwa, tafuta Bujora yako. Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za makabila mbalimbali, na watu wanapita nje yake kila siku ndani ya daladala. Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa, TaSUBa, yenye tamasha ambalo lilianza miaka ya mwanzo ya 1980. Unguja kuna Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Kijana anayetaka kujifunza udi au fidla pale ana wazee wa kumsikiliza. Na hata pasipo na jengo wala bango, kuna mzee anayesuka, kuna mama anayejua nyimbo za harusi, kuna mhunzi. Anza kwa kuuliza kanisani, msikitini au kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kwa mtakaokwenda Bujora Juni hii: pigeni simu mapema mkiwa kundi kubwa, fikeni asubuhi, vaeni viatu vya kutembelea mawe, na chukueni maji na kofia. Wekeni noti ndogo ndogo za kutuza. Manju akimtaja mwanao katika wimbo, usimtume dada yake wala usiende wewe. Mtoto mwenyewe ndiye aingie uwanjani kumpelekea.