Matunzo baada ya talaka: siku nilipoulizwa hesabu

"Kwa mwezi unatumia kiasi gani?" hakimu aliniuliza. Nikajibu, "Pesa nyingi tu, mheshimiwa." Nyuma yangu mtu akacheka. Wakili wa mtalaka wangu yeye alikuwa na karatasi mbili zilizochapwa: mapato, madeni, mpaka nauli. Nilipotoka pale nikanunua daftari.

Nilikuwa nadhani mkishaachana matunzo, yaani pesa za kujikimu ambazo mwenzi mmoja humlipa mwenzake, yanakuja yenyewe. Hayaji. Yanaombwa, na mwombaji ndiye wa kuonyesha kwamba anahitaji na kwamba mwenzake ana uwezo. Mahakama hutazama pia ndoa ilidumu muda gani, umri na afya zenu, na nani aliacha kazi ili alee watoto. Hilo la mwisho usilionee haya. Miaka yangu 9 ya kulea niliiita "kukaa nyumbani tu" mpaka wakili wangu akanikataza kulisema tena neno hilo.

Kosa la pili, na hili ndilo lililoniumiza, nilisubiri hukumu. Kumbe unaweza kuomba matunzo ya muda kesi ikiwa bado inaendelea. Mimi niliishi kwa kukopa. Hata mliotengana kisheria bila talaka mnaweza kuomba. Ndoa yenu bado ipo, ila kila mtu analala kwake.

Usichanganye haya na matunzo ya watoto, wala na mgawanyo wa mali. Ni madai tofauti, kila moja na hesabu zake.

Wapo wanaolipwa kwa mkupuo, wapo wa kila mwezi. Mimi nilipewa miaka 3, nisome na nitafute kazi. Nilinuna. Ya muda mrefu zaidi mara nyingi huenda kwa walioishi pamoja miaka mingi, au kwa mgonjwa na mzee asiyeweza tena kuajiriwa. Na wanaume msicheke: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inamruhusu mume kupewa matunzo akishindwa kujitafutia kwa maradhi au majeraha, na ile ya Kenya ya 2014 inasema mwenzi, bila kutaja jinsia.

Ukiolewa au ukioa tena, kwa kawaida yanakoma. Kipato kikibadilika, rudini mahakamani amri ibadilishwe. Sisi tulimalizana kwa simu. "Mama watoto, kazi imeisha, nipunguzie." Nikamhurumia. Alipopata kazi nyingine aliendelea kutoa nusu, akidai ndivyo tulivyokubaliana, wakati amri ilikuwa ile ile na malimbikizo yanapanda. Tukabishana pia juu ya zile alizonipa mkononi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na risiti.

Siku hizi anatuma benki. Namwandikia "Nimepokea", tarehe na kiasi, kisha naingiza kwenye daftari lile lile.